Ukumbi wa Familia: Karatasi, Kiti na Mama Aliyezikwa Bila ya Bintiye



Wasomaji wetu watakumbuka kwamba majuma kadhaa yaliyopita tulitaja hapa, kwa mstari mmoja tu, kuwa tumepokea barua kutoka Nairobi ambayo hatukuwa tayari kuijibu. Leo tunaijibu. Mwenyewe ametupa idhini, kwa sharti kwamba jina lake na la ukoo wake yasitajwe, na kwamba tubadilishe mambo madogo madogo yanayoweza kumtambulisha. Tumefanya hivyo.

Mwandishi wa barua ni binti wa Mombasa, mzaliwa wa Mji wa Kale. Aliolewa Nairobi, na kwa miaka mingi sasa anaishi Eastleigh, ambako yeye na mumewe wana duka dogo la nguo. Mnamo mwaka 2020 alifikwa na jambo ambalo wengi wetu twalikumbuka kwa sehemu, ila yeye lilimfika kwa ukamilifu. Tarehe 6 Aprili mwaka huo serikali ilifunga njia za kuingia na kutoka Nairobi kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Siku mbili baadaye ikawa zamu ya Mombasa, Kilifi na Kwale. Mwezi ulipotimia, tarehe 6 Mei, ikatangazwa kwamba mitaa miwili ifungwe ndani ya miji iliyokwisha fungwa: Eastleigh kule, na Mji wa Kale huku kwetu. Ilikuwa Ramadhani. Tangazo lilikuwa moja, nalo likamfungia binti mtaa mmoja na mamake mtaa wa pili.

Mama alifariki katika kumi la mwisho, kabla ya alfajiri. Alikuwa na maradhi ya sukari ya siku nyingi. Wakati ule mazishi hayakuruhusiwa kuzidi watu 15, na kufikia adhuhuri alikwisha stiriwa. Mwandishi wetu aliyajua yote kwa simu. Mpwa wake alimpelekea video ya jeneza likitoka uchochoroni, sekunde chache tu. Hajaifuta, wala hajaitazama mara ya pili.

Tangu hapo, anasema, hakulia. "Watu waliniona nina subira, nami nikawaacha waone hivyo." Kisha mwili ukaanza kusema kile ambacho ulimi ulikinyamazia. Kichwa kikawa hakiishi kumuuma. Usingizi ukawa wakatika muda mchache kabla ya adhana ya alfajiri, saa ile ile simu ilipolia. Alikwenda hospitali, akapimwa, akaambiwa hana ugonjwa. Akaanza kuwafokea watoto kwa jambo dogo. Mombasa hajaikanyaga tangu mwaka ule. Kila Idi huwa na udhuru, mara duka, mara karo, mara nauli. Na chini ya mambo yote hayo limelala neno moja ambalo humjia bila ya kualikwa, akiwa jikoni au akiwa anapima kitambaa: nilimtupa mama.

Jirani mmoja ndiye aliyempeleka kwenye kikundi. Ni wanawake wapatao kumi, wanakutana Jumamosi baada ya laasiri katika chumba cha kuazima, chini ya mshauri nasaha ambaye naye ni mwanamke Mwislamu. Katika majuma ya mwanzo waliandika tu. Kila mmoja alipewa karatasi yenye safu: jambo lililotokea, hisia iliyomjia, wazo lililopita akilini, ushahidi wa kulithibitisha, ushahidi wa kulipinga. Baadaye viti vikaletwa katikati ya chumba, na wanawake wakaanza kuigizana maisha yao. Mwandishi wetu aliwatazama wenzake mara tatu. Zamu yake ilipokaribia, mavyaa wake akapata habari.

Hapa yafaa tusimame kidogo, maana asiyekulia pwani hawezi kuielewa hofu ya bibi huyu. Kwetu kiti si chombo cha kukalia tu. Katika mambo ya pepo na ngoma za kupungwa, mtu aliyepandwa ndiye anayeitwa kiti. Pepo humkalia na kusema kwa kinywa chake. Sasa mwambie bibi aliyelelewa pwani, aliyekwisha kuona mengi, kwamba mkwewe anakwenda mahali kiti kinapowekwa kati, mtu akakikalia, akasema maneno ya marehemu. Atafikiri nini? Sisi wenyewe, tukikiri ukweli, tuliposoma barua mara ya kwanza tulifikiri hayo hayo. Bibi akamwambia mkwewe: "Mwanangu, huzuni huombewa dua, haichezwi." Na mume akanyamaza, jambo ambalo mwandishi wetu anasema lilimuuma zaidi kuliko kukatazwa.

Alitaka kujua kwetu kama hii ni tiba au mchezo, kama ina kasoro katika dini, na kama siri zake zitalala salama kwa wanawake kumi anaokutana nao sokoni.

Tulichofanya ni kuuliza na kusoma, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Nusu ya kwanza ya tiba hii, ile ya karatasi, wataalamu wetu huiita tiba ya fikra na tabia. Jina lake kubwa ni la Aaron Beck, daktari wa Philadelphia, Marekani. Katika miaka ya 1960 alikuwa akiwatibu watu wenye sonona kwa njia iliyokuwa imezoeleka, ya kumwacha mgonjwa aseme chochote kimjiacho. Akatambua kwamba kati ya maneno yao yapita mawazo mengine, mafupi na ya haraka, ya kujilaumu, ambayo mgonjwa hayahoji hata kidogo. Ayaamini kama aaminivyo kwamba jua limechomoza. Beck akawafundisha kuyakamata mawazo hayo, kuyaandika, na kuyahoji kama kadhi anavyomhoji shahidi. Umeyaona wapi? Nani mwengine alikuwapo? Waweza kuyaapia?

Wasidhani wasomaji kwamba fikra hii ni ngeni kabisa kwetu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya masilahi ya miili na nafsi, na katika sehemu ya nafsi akaeleza huzuni, hofu, hasira na wasiwasi, na jinsi mtu anavyoweza kuvitibu kwa kuielekeza fikra yake. Ushauri wake mmoja umetukaa moyoni: mtu mwenye afya ajiwekee akiba ya fikra njema siku za utulivu, kama anavyoweka dawa nyumbani kabla ya kuugua. Sehemu hiyo ilifasiriwa kwa Kiingereza na Profesa Malik Badri wa Sudan, aliyetumia umri wake kuwahimiza wanasaikolojia Waislamu wasome vya wengine bila ya kuvisahau vyao. Badri na Beck walifariki mwaka mmoja, 2021. Beck akiwa na umri wa miaka 100.

Nusu ya pili ndiyo yenye viti. Inaitwa saikodrama, na aliyeianzisha ni Jacob Levy Moreno, aliyezaliwa Bucharest mwaka 1889 na kusomea udaktari Vienna. Yasemwa kwamba kijana huyo alipenda kukaa na watoto kwenye bustani za mji, akiwaangalia wanavyoigiza hadithi na kuponya ugomvi wao kwa mchezo. Mnamo 1925 akahamia Marekani, na mwaka 1936 akafungua hospitali ndogo huko Beacon, karibu na New York, yenye jukwaa ndani yake. Mgonjwa hakulala kitandani akasimulia. Alisimama, akachagua miongoni mwa wenzake nani awe mumewe na nani awe babake, na tukio likatendeka upya mbele ya macho yao wote.

Kikao huwa na hatua zake. Kwanza watu huchangamshwa, maana hakuna anayeingia mlangoni akafungua moyo. Kisha mmoja wao hutoka kati, na mwongozaji humsaidia kulipanga tukio lake. Kuna kazi ya pacha: mwenzake husimama nyuma ya bega lake na kusema yale anayodhani mwenye tukio anayahisi lakini hawezi kuyatamka, naye huyakubali au huyakataa. Kuna kubadilishana nafasi, ambayo ndiyo roho ya jambo lenyewe: aliyekuwa binti huenda kukaa mahali pa mama, akaulizwa kama mama, akajibu kama mama. Mwisho wote hukaa chini, na kila mmoja husema ni wapi tukio lile limegusa maisha yake. Katika hatua hii hairuhusiwi kutoa nasaha wala hukumu. Tukiri kwamba kwa wanawake wa pwani, tuliozoea kutoa nasaha kabla ya kuombwa, hii yaweza kuwa ndiyo sehemu ngumu kuliko zote.

Wa kuigiza hatukosi. Nani kati yetu hajamwona shangazi akimwigiza mumewe siku ya harusi, kofia kichwani na bakora mkononi, wanawake wakacheka hadi wakashika mbavu? Na ni mara ngapi katika kicheko kile limepita neno ambalo shangazi hangeweza kulisema akiwa amekaa?

Sasa kwa nini kuzichanganya njia hizi mbili? Waliolifanyia kazi sana jambo hili ni Thomas Treadwell na mwenzake V. Krishna Kumar, wa Chuo Kikuu cha West Chester, Pennsylvania, ambao tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wameandika namna ya kuitia karatasi ya Beck ndani ya jukwaa la Moreno. Sisi twaielewa hoja yao hivi. Karatasi ina mizani lakini haina moto. Mtu aweza kuandika hoja zote za kumtoa hatiani na bado usiku asilale. Jukwaa lina moto lakini halina daftari. Mtu hulia, huhisi amepungukiwa na mzigo, na baada ya juma moja wazo la zamani limerudi kwa sababu hakuna aliyelihoji. Kwa hiyo wazo hukamatwa kwanza kwenye karatasi, likafuatwa hadi kwenye mzizi wake; ndipo hupelekwa jukwaani likatendeka; kisha hurudishwa kwenye karatasi ili kuona kilichobadilika.

Je, yanafaa kwa watu wetu? Swali hili lina historia chungu katika mji ule ule anaoishi mwandishi wetu. Mwendo mfupi kutoka Eastleigh ipo Hospitali ya Mathari, iliyofunguliwa mwaka 1910 kuwa nyumba ya vichaa, na ambayo jina lake hadi leo watu hulitumia kama tusi. Daktari wa kikoloni aliyeisimamia tangu 1938 hadi 1950, J. C. Carothers, alishikilia kwamba sonona ni nadra kwa Mwafrika, na akaandika kitabu kizima juu ya akili ya Mwafrika kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Wakati akiandika hayo, katika vitongoji vya mashariki ya mji walikuwapo wazee Waislamu waliovunjiwa nyumba zao za Pangani mwishoni mwa miaka ya 1930 na kuhamishiwa Shauri Moyo. Twajiuliza kama aliwahi kuketi na bibi mmoja wa Shauri Moyo akamuuliza analalaje.

Miaka hii watu wameuliza. Nairobi yenyewe, wanawake 421 wenye dhiki ya nafsi, ambao wengi wao walikuwa wamepata mateso majumbani mwao, waligawanywa katika mafungu mawili. Fungu moja lilipata vikao vitano vya msaada uliojengwa juu ya misingi ya tiba hii, vikiendeshwa na wahudumu wa afya wa jamii waliopewa mafunzo mafupi. Fungu la pili lilipata huduma ya kawaida ya zahanati. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017, nayo yalionyesha kwamba dhiki ilipungua zaidi kwa wale wa vikao vitano. Vikao hivyo vilikuwa vya mtu mmoja mmoja. Cha vikundi tunacho kingine: huko Bungoma na Moshi, watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, wenye umri wa miaka 7 hadi 13, walishiriki katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020. Nusu yao waliwekwa katika vikundi vya tiba ya fikra na tabia iliyotengenezwa kwa ajili ya waliopatwa na msiba, na walezi wao wakawa na kikundi chao. Waliowaongoza hawakuwa madaktari bali watu wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo. Upande wa Kenya faida ilikuwa ingaliko hata baada ya mwaka mzima. Upande wa Tanzania watoto wa mafungu yote mawili walikuwa wamepata nafuu, tofauti ikafifia.

Hayo ni ya karatasi. Kwa viti, ushahidi ni mchache zaidi, na atakayewaambia kwamba saikodrama imethibitishwa kwa kiasi kile kile anawauzia maneno. Ndiyo sababu hatupendi kuona viti vikitumika bila ya karatasi, wala mtu aliyehudhuria semina ya siku mbili akijiita mwongozaji. Kumrudisha mtu kwenye saa mbaya ya maisha yake ni rahisi. Kumtoa humo ndiko kunakotaka ujuzi. Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu mwaka 2014, inayotaka wasajiliwe. Ulizeni cheti bila ya haya, kama mnavyomuuliza fundi kazi yake ya awali kabla ya kumkabidhi nyumba. Na mwenye kusikia sauti wasizosikia wengine, au mwenye kuwaza kujidhuru, huyo mahali pake pa kwanza ni kwa daktari, kikundi kitamngoja.

Juu ya dini, sisi hatutoi fatwa. Tulimwendea mwalimu wetu mmoja, mzee asiyependa kutajwa, tukamsimulia kila kitu pamoja na habari ya kiti. Alituuliza maswali zaidi kuliko alivyotujibu. Je, wanaitakidi kwamba marehemu yupo? Hapana. Je, wanaume na wanawake huchanganyika? Hapana. Je, maneno yanayosemwa hutangazwa baadaye kuwa wasia wa marehemu? Tukasema hilo hatujui, tutauliza. Tuliuliza, na mshauri akasema kwamba kila kikao humalizika kwa aliyekaa kitini kujivua nafasi ile kwa maneno, akitaja jina lake mwenyewe mbele ya wote. Mzee aliposikia hivyo alitulia, akasema tumwambie binti asimwache mavyaa wake gizani, amweleze kwa upole na asibishane naye.

Na siri? Hapo hatuwezi kumhakikishia mtu. Kikundi huweka ahadi, na ahadi hutegemea watu. Tulimshauri aanze na lile ambalo, hata likivuja, hatoshindwa kuinua uso sokoni. Yake hayakuwa ya aibu. Yalikuwa ya huzuni.

Tulimjibu haya yote kwa barua ya faragha. Tukakaa kimya, tukingoja. Barua ya pili ilifika mwezi uliopita.

Alikwenda. Karatasi yake alikuwa ameijaza majuma mengi nyuma, na ilikuwa na hoja nzuri. Kwenye safu ya kulipinga wazo aliandika: njia zilifungwa, nilimpigia kila siku, nilituma pesa za dawa kwa M-Pesa. Mshauri alimuuliza anayaamini kwa kiasi gani katika mia. Akasema tisini. Na lile neno, nilimtupa mama, waliamini kwa kiasi gani? Akasema tisini. "Nilijua hesabu haikai sawa," anaandika, "lakini ndivyo ilivyokuwa. Akili ilikubali, moyo ulikuwa haukuhudhuria."

Jumamosi ile kiti kikawekwa. Alimchagua mama mmoja wa makamo, mwenye duka la viungo, awe mamake, kwa sababu mikono yao inafanana. Yeye akakaa mbele yake na simu mkononi, maana tukio alilolichagua lilikuwa la simu: mara ya mwisho walipozungumza, siku mbili kabla ya kifo. Alijaribu kusema samahani. Hakuweza. Mwenzake aliyesimama nyuma yake kama pacha akasema kwa niaba yake, "Nataka kuja na siwezi," naye akatikisa kichwa kukubali. Ndipo mshauri akawataka wabadilishane nafasi.

Akaenda akakaa pale pa mama. Anasema alipokaa alijikuta amekunja mguu mmoja chini ya mwengine, kama mamake alivyokuwa akikaa barazani, na hakuwa amekusudia. Mshauri akamuuliza: "Bi mkubwa, mwanao hajaja. Unamwambiaje?" Na kinywa chake kikasema: "Usije. Watakushika njiani, na watoto nani atawaangalia? Usije, mwanangu."

Chumba kikanyamaza. Naye akanyamaza, kwa sababu maneno yale hakuyatunga. Alikuwa ameyasikia. Mamake aliyasema katika simu ile, kwa sauti ile, na kwa miaka yote hii hakuwahi kuyakumbuka. Hapo ndipo alipolia, mara ya kwanza tangu Ramadhani ya 2020, na mama wa duka la viungo akawa amemshika.

Msomaji aweza kudhani hadithi imekwisha. Sisi tulichokipenda zaidi ni kilichofuata. Mshauri hakuridhika. Walipokaa chini na kumaliza kushirikishana, akampa karatasi tena, akamwambia aandike kumbukumbu ile kwenye safu ya ushahidi, lakini kwa alama ya kuuliza. Maana moyo wenye kiu huweza kuchora maji. Yupo mtu mwengine aliyekuwapo siku ile? Alikuwapo: mdogo wake, aliyekuwa amemshikia mama simu sikioni. Dada hawa walikuwa hawajazungumza kwa kina tangu mazishi. Mmoja aliona haya kwa kutokuwapo, na wa pili alikuwa na kinyongo kwa kuachiwa yote.

Alimpigia usiku ule. Mdogo wake alikumbuka. Ndiyo, mama alisema asije, tena alilisema mara mbili. Kisha, baada ya kusitasita, akaongeza jambo jengine ambalo hakuwahi kulisema: usiku wa mwisho, joto lilipopanda, mama aliuliza kama mwanawe wa Nairobi amefika.

Tulipofika hapo kwenye barua tuliiweka chini kwa muda. Tulidhani amerudi alikotoka. Lakini Jumamosi iliyofuata alilipeleka hilo nalo kwenye kikundi, akaliandika kwenye safu yake. Kwenye safu ya mwisho, mahali pa wazo jipya, hakuandika kwamba hana hatia yoyote, wala kwamba mama alikuwa radhi. Aliandika: mama alinikataza nisije, na mama alinitamani, na yote mawili ni kweli. Akaulizwa aliamini kwa kiasi gani. Akasema mia. Lile la kumtupa mama lilikuwa limeshuka hadi thelathini, na mshauri akamwambia thelathini si haba.

Bado huamka kabla ya alfajiri, anasema, lakini si kila siku. Kichwa kimepungua. Wamekata tikiti za kwenda Mombasa shule zikifungwa, yeye na watoto wote, na mdogo wake amemwambia chumba cha mama hakijaguswa, kabati lingalipo na nguo zake. Kuhusu video, bado yumo kwenye simu. Wamekubaliana na mdogo wake kwamba wataitazama pamoja, au hawataitazama.

Mavyaa wake hajabadili kauli yake juu ya viti. Hata hivyo ameuliza kikundi hukutana saa ngapi, si kwa ajili yake, anasema, ila kuna jirani yake mmoja ana matatizo.

Jumamosi ijayo ni zamu ya mama wa duka la viungo, ambaye mwanawe wa kiume aliondoka nyumbani na hajulikani aliko. Amemwomba mwandishi wetu akae kitini kama kijana huyo. Anatuuliza kama tuna la kumwambia, maana anaogopa atakosea. Tumemwandikia kwamba afike mapema, akae naye kabla wenzao hawajaja, na amuulize kijana alikuwa akikaaje.